Sahihi ya Delaware

Lorine Aoko alibuni sanduku la kuhifadhi samaki kwa nguvu za jua akiwa kwenye chumba alichopanga Kibuye, mjini Kisumu, lakini waliolijaribu ni akina mama kumi na wawili wanaouza samaki Port Victoria. Mwaka mzima walimvumilia, sanduku likizima na samaki wao, ngege, wakioza. Siku moja akawaambia, wote wameketi bandani, "Kampuni ikianza, robo ni yenu." Wakapiga makofi, wakarudi kazini. Huko neno likishasemwa mbele ya watu, ni mkataba tayari.

Kisha akatokea mwekezaji mwenye sharti lake. Kampuni isajiliwe Delaware, kijimbo cha Amerika ambacho Lorine alikitafuta sana kwenye ramani, na sheria ya huko ndiyo itawale. Asipotia sahihi kufikia Ijumaa, pesa zinaenda kwa mwingine, na masanduku yatabaki kule chumbani.

"Ukisajili hapa nyumbani, hupati kitu," wakili wa Lorine, Muchiri, alimwambia. "Ukisajili kule, mkataba huu unafuta ahadi zote za mdomo. Na hisa zako huruhusiwi kumgawia mtu miaka minne. Hao wamama waweke sahihi sasa, ama hawako."

Alhamisi akafika Port Victoria na karatasi. Emmaculate Wechuli, mwenyekiti wao, hakuigusa.

"Lorine, si uliongea hapa na sisi wote tukasikia? Sahihi ni ya watu hawaaminiani. Tumekukosea wapi?"

"Mama, si mimi. Ni sheria ya huko."

"Huko ni wapi? Tukikosana tutakuja kwako, si huko."

Kila alivyozidi kueleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana, maana kumdai mtu sahihi juu ya neno lililosikiwa na wote ni kumwita mwizi. Mimi ninayesimulia ningewafokea. Yeye aliona aibu tu, akarudi Kisumu na karatasi yake bila sahihi hata moja, amebanwa huku na huku.

Ijumaa alitia sahihi, peke yake. Namchukia kidogo kwa hilo, ingawa sijui mimi ningefanya nini.

Hajatoka hata ofisini kwa Muchiri, simu ikalia. Alikuwa Emmaculate, na nyuma yake akina mama wanacheka.

"Umemaliza? Sasa sisi ni wenye kampuni?"

Muchiri akainamia meza, akajifanya anasoma.

"Ndiyo, Mama," Lorine akasema.