Kikohozi cha Baba katika Kaseti ya Mwamba Jazz

Gunia tupu la korosho lina harufu yake, na aliyekulia kwetu haisahau: ukali wa maganda, vumbi la shambani, na kitu kingine kama mafuta yaliyoungulia sufuriani. Hata leo, na mvi zangu hizi, nikikutana nayo sokoni Masasi natafuta pa kukaa. Watu hudhani nina presha. Sina presha mimi. Ni kwamba baba yangu alipoimba kwa mara ya mwisho, aliimba katikati ya magunia hayo, yametundikwa ukutani kuanzia juu kabisa hadi sakafuni, na vumbi lake nililiona kwa macho yangu likielea mbele ya uso wake.

Baba alikuwa mwimbaji wa Mwamba Jazz, bendi ya Masasi iliyoanza kupiga muziki kabla mama yangu hajavunja ungo. Sisi tulikaa Mnyambe, huku juu Newala, na yeye alishuka Masasi kila mwisho wa wiki na suruali yake ya bugaluu imekunjwa ndani ya gazeti isishike vumbi la njiani. Nilipopata akili ya kukumbuka mambo, bendi ilikuwa imeshachoka. Wapigaji wawili walikuwa wamezikwa, tarumbeta lilifungwa kwa mpira wa baiskeli, na vijana walitaka miziki mipya iliyokuja na redio kaseti kutoka mbali. Ndizo zile enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni na vitenge, wanunuzi binafsi wakaja kuchukua korosho hadi uani kwa watu, na ghala la ushirika likabaki na popo. Kila mtu alisema mambo sasa yamefunguka. Nyumbani kwetu huo ndio mwaka kilipoingia kikohozi.

Kilianza kidogo tu, cha asubuhi, kisha kikahamia kabisa. Baba akakonda kama ng'onda. Cheti cha zahanati kiliandikwa kifua kikuu, lakini majirani walinong'ona ugonjwa mwingine ambao siku zile haukutajwa kwa sauti, na mama alikuwa mkali, hakuruhusu mtu anong'one mbele yake. Aliteremka bondeni alfajiri kuchota maji, mwendo wa kwenda na kurudi hadi jua limeshapanda, na ndoo ya kwanza haikufua wala kuosha kitu, ilikuwa ya tangawizi ya baba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilichukia kukaa chumba kimoja na kile kikohozi, na nasema ukweli huu kwa aibu, nilikuwa nikiziba masikio.

Siku moja akaja Eliya. Alikuwa kijana wa mkoa mwingine, aliyefungua kibanda cha kaseti pale stendi ya Masasi, na kichwani alikuwa na jambo moja: kukusanya nyimbo zote bora za Mwamba Jazz, za miaka yao ishirini na mitano, katika kaseti moja. Nyingi alikwishazipata. Alizinakili kutoka kwa watu waliozinasa redioni zamani, moja kwa huyu, mbili kwa yule.

"Shikamoo, mzee," alisema, akachuchumaa badala ya kukaa kwenye kigoda.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kila anayekuja kibandani anauliza kama *Nisubiri Bondeni* ipo. Nikisema haipo, anairudisha kaseti mezani. Bila wimbo ule huu si mkusanyiko, ni makapi."

Kweli wimbo huo haukuwepo popote. Bendi ilipokwenda Dar kurekodi, baba hakwenda, kwa sababu wiki ile ndiyo niliyozaliwa mimi na mama alikuwa na hali mbaya. Wenzake wakarekodi nyingine na kuuacha huo, maana hakuna aliyeuweza. Ulikuwa wimbo wa mwanamume anayemwomba mchumba wake asipande kilima na ndoo, amsubiri bondeni, anakuja kumbebea. Kwetu ambako maji ni shida ya kila nyumba, wanawake walikuwa wakiusikia dansini wanalia.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Hadija, wewe kugeuka tu kitandani unahema. Utaimba na nini?"

"Na hichohicho kilichobaki," baba alisema. Akapumzika, kisha akaendelea. "Nguo zangu zitagawiwa. Jembe litapata mwenyewe. Sauti yangu ataichukua nani? Nataka ibaki, Mama Hadija. Basi."

Tuliteremka Masasi kwa lori la mnunuzi wa korosho, mimi nikiwa katikati ya mama na baba. Eliya alikuwa ameomba ghala la ushirika, kwa vile lilikuwa tupu na mbali na kelele za stendi. Lakini kuta zake zilirudisha sauti kama kisimani, kwa hiyo wanabendi wakatundika magunia ya zamani kila upande ili yanyonye mwangwi. Waliyakung'uta nje mchana kutwa. Weee! Gunia la korosho hulikung'uti likaisha vumbi. Mama aliyatazama, akamtazama Eliya, akasema, "Mnamtakia nini mume wangu?" Eliya akachukua gunia moja, akatoka nalo kulikung'uta tena. Baba alikuwa ameshaketi kwenye stuli mbele ya maikrofoni, amevaa bugaluu yake, kiunoni imefungwa kwa kamba ya katani.

Akaimba. Mtu aliyeshindwa kuomba maji kwa sauti asubuhi ile aliimba beti mbili nzima na sauti ikajaa ghala, na mpiga besi, mzee mzima, akageukia ukutani asionekane. Gitaa likaingia kati, likazungumza, likamaliza. Baba akafungua kinywa arudi kwenye kiitikio, na badala ya neno kikatoka kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Wenzake hawakusimama, waliendelea kupiga taratibu wakimsubiri, naye akajikaza akalikamata neno mbele ya safari na kuumaliza wimbo. Kisha akatema kwenye kitambaa. Mama alikikunja haraka, lakini nilishaona ni damu.

"Tutarudia kesho, mzee," Eliya alisema. "Pumzika kwanza."

Kesho yake baba hakuweza kusimama, wala keshokutwa. Eliya alisubiri majuma mawili, kisha akaitoa kaseti kama ilivyo. Simlaumu. Zamani nilimlaumu sana, siku hizi nimechoka.

Ile kaseti ilishika, jamani. Ilipigwa stendi ya Newala, ikapigwa mnadani Lisekese, ikapigwa kwenye harusi na kwenye vilabu vya pombe. Na kitu watu walichokipenda kuliko vyote ni kile kikohozi. Walikisubiri. Gitaa likielekea mwisho, utaona watu wananyamaza, wanatazamana, halafu wote kwa pamoja wanakohoa, viwili vifupi, kimoja kirefu, na kicheko juu yake. Utingo wa malori walikohoa wakifunga turubai. Wengi hawakujua kama mwimbaji ni mgonjwa. Walidhani ni madoido, ni utundu wa kisanii. Niliposikia mara ya kwanza nililia. Mara ya kumi nilikuwa nimezoea.

Basi siku moja tunaruka kamba nyuma ya nyumba yetu, wasichana sita, tukiimba wimbo huohuo. Mmoja akasema, "Hadija, wewe ndiye mtoto wa mwenyewe, tuonyeshe." Sitajitetea hapa. Ningeweza kukataa. Nilikuwa nikiogopwa kwa sababu ya ugonjwa wa nyumbani kwetu, kuna waliokatazwa kula na mimi, na leo wananitazama mimi tu. Nikashika kifua, nikainama kama anavyoinama baba, nikakohoa. Wenzangu wakacheka mbavu hawana. Nikarudia. Nikaongeza na kutema mate. Nilijua baba yuko ndani kitandani.

Hakuwa ndani. Mama alikuwa amemtandikia mkeka upande wa pili wa nyumba, penye kivuli cha ukuta, apate hewa.

"Hadija."

Wenzangu walitawanyika mara moja. Nilikwenda nimeinamisha kichwa, nikapiga magoti, nikasubiri kofi ingawa mkono wake haukuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi.

"Umewahi," baba alisema.

Sikuelewa.

"Gitaa linamaliza kwanza. Unahesabu moja, mbili, ndipo kinaingia. Wewe umeingia gitaa halijamaliza. Jaribu."

"Baba, nisamehe."

"Sijakuuliza hilo. Jaribu."

Akanong'ona zile noti za mwisho za gitaa, pumzi zikimkatika, akahesabu kwa vidole juu ya mkeka. Nilikohoa machozi yakinitiririka. Akatikisa kichwa, akanirudisha mwanzo. Mara ya pili nikawahi tena. Mara ya tatu akafumba macho, akasema, "Angalau. Nenda kacheze." Nilipoinuka nikamwona mama amesimama kwenye kona ya nyumba na kikombe cha tangawizi. Hakunigombeza. Aligeuka akarudi jikoni.

Baba alifariki kabla mvua hazijaanza.

Kaseti yetu iliisha kwa kupigwa, utepe ukakatika, mama akauunga kwa rangi ya kucha mpaka ukagoma kabisa. Tangu hapo miaka imekwenda. Newala sasa maji yanauzwa kwenye chupa, bodaboda zinafika Mnyambe kabla uji haujapoa, na nyimbo za miaka mia zinaingia kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Siwezi kusema tulikuwa na raha zamani. Tulikuwa na kiu, na watu walikufa kwa maradhi ambayo leo yana vidonge. Mwezi uliopita nilimkuta kijana stendi ya Masasi, anaingiza nyimbo kwenye simu za watu. Nikamuuliza bila matumaini kama anazo za Mwamba Jazz. "Zote ninazo, mama," akasema kwa furaha, "tena nimezisafisha kwenye kompyuta."

Akaniwekea *Nisubiri Bondeni*. Sauti ya baba ikaja safi, safi kuliko nilivyoisikia ghalani, hakuna mkwaruzo, hakuna upepo. Alitaka ibaki, na imebaki. Gitaa likaingia, likazungumza, likamaliza, na papo hapo kiitikio kikashika, hakuna hata pengo.

"Hapo palikuwa na kelele," kijana akasema. "Nimeiondoa."

Miaka yote nilitamani kikohozi kile kitoweke. Sasa kimetoweka, na nilihisi kama nimefiwa upya, pale pale stendi, mbele ya mtoto wa watu aliyetenda wema. Kila mtu angeweza kumsikia mwimbaji. Baba yangu hakuwemo.

Nikamwomba auanzishe upya. Nikasubiri beti mbili, nikasubiri gitaa, nikashika kifua, nikakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

"Pole sana, mama," kijana akasema, akainuka kwenye kiti chake. "Nikuletee maji?"

Nikamwambia hapana, akae, aurudishe tena mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimewahi.