Mashine ya Ayany

Mimi si mtu wa subira. Waya ukinisumbua naweza kuutukana kama mtu mzima mwenye masikio. Mwezi ule wa Januari, baada ya uchaguzi kuharibika, nilitukana mpaka nikaishiwa na matusi.

Nilikuwa na saiba ndogo, duka la intaneti, Gatina, Kawangware, kompyuta tano chini ya ghorofa ya watu. Nne za wateja, moja yangu. Zote zilikuwa za Linux, mfumo usioshikwa na virusi ovyo, na si kwamba nilikuwa mjuaji. Aliniwekea rafiki yangu mwenye saiba mtaa wa Ayany, pale kando ya Kibera, baada ya kunikuta nikilia kwa sababu ya virusi walivyoniletea wateja na flashi zao. Alinifundisha bure, huku akinicheka. "Wewe Mkamba, kompyuta si mbuzi, haisikii fimbo." Nami nilimwambia Mluhya aende akamalize ugali kwanza ndipo anifunze kazi. Hivyo ndivyo tulivyotaniana, kabla ya utani wa namna hiyo kuota miiba.

Tulikuwa na desturi yetu. Kila asubuhi aliyefungua wa pili, karibu siku zote mimi, alimbishia mwenzake hodi, na si kwa simu. Kuna amri inaitwa ping. Unaandika neno hilo, idadi ya hodi, sisi tulibisha nne, na nambari ya kompyuta ya mbali; kwa kila hodi yako inatuma kipande kidogo cha habari, na ile ya mbali ikiwa hai inakirudisha. Wote wawili tulinunua intaneti kwa kampuni moja, kwa antena za juu ya paa, kwa hivyo mashine zetu zilifikiana. Ikirudi mistari minne, basi mwenzako amefungua, kumekucha, endelea na kazi yako.

Ghasia zilipoanza nilifunga. Siku niliyofungua tena, barabara ya kwenda mtaa wa Satellite ilikuwa bado na majivu ya matairi, na maduka yalifungua mlango nusu. Wa kwanza kuingia hakuwa mteja. Alikuwa mama yake yule rafiki yangu, ambaye aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga za kienyeji hatua chache kutoka kwangu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, leso mabegani.

"Simu yake haishiki," akasema. "Tangu ile siku ya matokeo. Si huwa mnasalimiana na hii kitu yako? Msalimie."

Nilimsalimia. Hakuna kilichorudi.

"Mama, hata intaneti yangu yenyewe imekufa," nikamwambia. "Ngoja niitengeneze kwanza."

Ilikuwa kweli, hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Na nakiri nilishukuru, kwa sababu ubovu wangu ulinipa kisingizio cha kutomjibu.

Nikaanza kama nilivyofundishwa: anza karibu na mkono wako, ndipo uende mbali. Waya umekaa. Taa ya swichi inawaka. Nikaiuliza kompyuta kama ina nambari yake, inayo. Nikabisha kwa kile kisanduku cha ukutani kinachopeleka kila kitu kwenye antena, kikajibu. Nikapanda paani kuitazama antena, jirani akanipigia kelele nishuke upesi, maana siku zile mtu akionekana juu ya paa watu hawakungoja maelezo. Nikashuka mbio. Antena ilikuwa sawa. Nikabisha mbali zaidi, kwa nambari ya mashine ya kampuni yenyewe. Mistari minne, safi kabisa!

"Ni yeye?" Mama alikuwa ameshasimama.

"Si yeye, mama. Ni kampuni."

Akakaa.

Kesho yake akaja tena, na chupa ya chai. Mimi bado nilikuwa nimekwama palepale. Njia iko wazi, mashine za mbali zinaitika nikibisha kwa nambari, lakini nikiandika jina la tovuti, kimya. Niligonga meza kwa ngumi. Nikatoa maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kusikia, naye akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Sasa, kompyuta haijui majina. Ukiiandikia jina la tovuti, lazima kwanza imuulize mwingine: huyu nambari yake ni ngapi? Na nambari ya huyo wa kuulizwa imeandikwa kwenye faili moja fupi, ambayo mimi sikuwahi kuifungua tangu niwekewe. Nikaifungua. Ilikuwa na mstari mmoja tu. Nambari iliyokuwa pale niliijua kwa moyo, kwa sababu nilikuwa nikiiandika kila asubuhi. Ilikuwa ya mashine yake, ya Ayany.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliwahi kumlalamikia kwamba kurasa zangu zinachelewa. Akasema mashine ya kampuni inayoulizwa majina ni mvivu. "Kuwa unauliza kwangu, yangu inakumbuka." Akabadilisha mstari ule kwenye kompyuta zangu zote, kurasa zikaanza kufunguka mbio, nami nikasahau. Fundi wa maana angeweka na nambari ya pili ya akiba. Sisi hatukuweka. Ayany ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, nani angewaza kwamba siku moja haitafikika hata kwa miguu, njiani vizuizi vitupu?

Kwa hivyo intaneti yangu haikuwa imekufa. Iliyozimika ni mashine yake. Niliogopa.

"Umepata?" mama akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Ulimi ulikuwa tayari.

"Shida haiko hapa, mama. Iko kwake. Mashine yake imezimika."

"Imezimika ama imechomwa?"

"Sijui."

"Basi usiniangalie hivyo kama hujui," akasema, akanimiminia chai.

Kuitengeneza kulikuwa kazi ya dakika moja: futa nambari yake, weka ya kampuni. Nilifanya hivyo kwenye zile nne za wateja, zikaamka zote, na watu wakaanza kuingia kutafuta habari za kwao. Yangu niliiacha ilivyo. Mkono ulikataa kufuta. Badala yake niliiwekea ibishe hodi Ayany bila kukoma, na skrini ikawa inaandika mstari baada ya mstari kwamba huko hakufikiki. Mama alikuja kila asubuhi kuitazama kabla ya kupanga omena zake. Kusoma hakujua sana, lakini umbo la ule mstari alikuwa amelikariri.

Siku moja akaniuliza, "Na kama mwizi ameibeba akaenda kuiwasha kwake, si itajibu tu?"

"Haiwezi. Hiyo mashine ni mkaidi. Kila ukiiwasha inasimama kwenye skrini nyeusi inadai paswadi, na haiingii mtandaoni mpaka ipewe. Nilimwambia airekebishe, tukagombana, akakataa."

"Na hiyo paswadi anaijua nani?"

"Yeye peke yake. Hata mimi alininyima."

"Huyo ni kama babake. Hata akienda dukani haambii mtu," akasema. Tukacheka, mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Siku ya sita tangu nifungue tena, nilikuwa nimempa mgongo, namfungulia mteja barua pepe.

"Msichana wangu," mama akaita taratibu. "Imebadilika."

"Nini?"

"Maandishi. Si yale."

Niligeuka. Mistari ilikuwa inashuka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulikuwa jibu. Nilimshika mkono, unanuka omena.

"Ni kampuni?" akauliza.

"Ni yeye, mama. Yeye mwenyewe. Amekaa mbele ya mashine yake sasa hivi, ameandika paswadi kwa mkono wake."

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti mpaka wateja wote wakageuka. Nami nililia, sioni haya kusema. Kisha akajifuta, akasimama, na sasa alikuwa amekasirika.

"Siku zote hizi! Anaamsha kompyuta kabla ya kumtafuta mamake!"

"Simu labda ilipotea, mama. Na anajua mimi hubisha kila asubuhi."

Akaitazama skrini.

"Muulize kama amekula."

"Hii haiulizi maneno, mama. Inabisha tu."

"Basi bisha," akasema, akavuta kile kiti cha plastiki mpaka mbele ya kompyuta yangu, akakaa. "Bisha mpaka afungue."