Paka Asemaye na Mrashi wa Mama

Huniudhi sana mtu aliyesoma akiniuliza kwa nini mimi, mama mzima, nasoma vitabu vya kitoto. Anakusudia zile riwaya za upelelezi zisizo na damu wala bunduki: mji mdogo, mwanamke mwenye duka la dawa za miti na uchawi kidogo, paka wake asemaye, na seremala wa jirani ambaye mtaa mzima unajua anampenda, isipokuwa huyo mwanamke mwenyewe. Kitu kinapotea. Watu wanashukiana. Mwisho mwizi anajulikana, anaona haya, anaomba radhi, na wote wanakunywa chai. Nikipendacho ni hicho, na sioni kwa nini nikionee aibu.

Wageni huviacha kwenye hoteli ya Ras Kitau ninakofua mashuka, nami huvuka navyo kwa mashua kurudi mtaani kwetu Langoni, Lamu. Shangazi yangu, anayekaa nyumba ya pili, hajui Kiingereza. Kwa miaka mitatu alikuja kwetu kila baada ya Alasiri na kofia yake ya kushona, akaketi na mama, wifi yake, nami nikawasomea huku nikifasiri papo hapo. Mama alimwinda mwizi tangu ukurasa wa kwanza. Shangazi hakuwa na haja na mwizi.

“Hata yeo hajamposa?” aliuliza kila siku.

“Bado, shangazi.”

“Mwanamume gani huyu! Na huyo paka ana ulimi wa nini, kama hawezi kumwambia?”

Tulicheka mpaka sindano zikaanguka. Sijapata raha kama ile tena.

Mwaka jana shangazi alimwoza bintiye, akaazima mrashi wa mama, ile chupa ya fedha yenye shingo ndefu ya kunyunyizia wageni marashi. Kwetu vyombo vya harusi huzunguka nyumba kwa nyumba, na neno la mtu latosha. Shangazi alisema ameurudisha kwa mkono wake. Mama akasema hajauona. Hakumwita mwizi, la. Alisema tu, mbele ya wanawake wanne, “Basi huenda umetukuliwa na majini.”

Shangazi alikunja kofia yake akaondoka. Miezi saba hakukanyaga kwetu. Nilimsomea mama peke yake, naye akasinzia. Nikipita mlangoni kwa shangazi aliniuliza habari za seremala, kisha machozi yakamlenga, akaingia ndani kabla sijamjibu.

Nilichoka. Nikaamua kufanya wafanyavyo wanawake wa vitabuni: kuuliza. Ujinga ulioje! Kitabuni mpelelezi hubisha hodi, akapewa keki na habari. Langoni ukiuliza umeshatuhumu. Nyumba ya kwanza nilijibiwa kwa ufupi, ya pili nilifungiwa mlango, na ya tatu niliambiwa nikamuulize mama yangu. Nilirudi nimemkasirikia kila mtu, hata huyo paka.

Ndipo nikasema itasomwa halbadiri. Kwetu mali ikipotea husomwa majina ya watu wa Badri kumwapiza mwizi asiyejulikana, na mara nyingi kitu hurudi kizingitini hata kisomo hakijaanza, kwa hofu tu. Nikamwambia mama nimezungumza na mwalimu, atakuja Alhamisi.

Mama alikuwa akipepeta mchele. Mikono ikasimama.

“Haisomwi,” alisema.

“Mama, miezi saba wamshuku mtu, na kisomo hutaki?”

“Nimesema haisomwi. Humrudia mwenye kusomesha.”

Humrudia akiwa mwongo. Hilo kila mtoto wa Lamu analijua. Nilimtazama, naye akautazama mchele. Kisha nikaenda chumbani nikafungua kasha lake, na chini ya leso za harusi nikaukuta mrashi umefungwa vizuri katika kitambaa cheupe. Nilipomletea, mama alikiri: shangazi alikuwa ameurudisha katika pilikapilika za harusi, yeye akauweka, akasahau. Aliuona tena mwezi wa pili wa ugomvi. Miezi mitano alijua akanyamaza, kwa sababu alishasema lile neno la majini mbele ya watu.

Nilimpigia kelele mama yangu, Mungu anisamehe. Nilimwambia aende sasa hivi akaombe radhi.

“Nitaiweka wapi sura yangu?” alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: “Nenda weye. Sema ni weye uliyeuweka ukasahau.”

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda, maana nilimtaka shangazi yangu kuliko nilivyoitaka haki. Nikasimama ukumbini kwake, mrashi mkononi, nikasema ni mimi.

Alichomeka sindano kwenye kofia yake, akaiweka chini.

“Siku ile mamako aliupokea akanena una vumbi,” alisema. “Akaupangusa kwa leso mbele ya mato yangu.” Akashusha pumzi. “Kamwambie nimekusamehe.”

Nilirudi na hasira zangu zote. Mama alikuwa nyuma ya mlango, ameshavaa buibui.

“Amesemaje?”

“Amesema amenisamehe.”

“Alhamdulillahi,” alisema, akanipita bila kunitazama, akaenda kwa wifi yake. Nikabaki ukumbini, mwizi wa mrashi, nikilia kwa ghadhabu.