Mkwe Haingii Chumbani

Mama yangu alikuwa analima bangi, tena bila kificho. Ilikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe, kwenye mbolea, na ilistawi kuliko mahindi ya jirani yeyote. Nimekua naiona pale, na bibi yangu kabla yake aliilima palepale. Kuku wakianza kusinzia kwa kideri, walichanganyiwa majani yake kwenye pumba. Ng'ombe akivimba tumbo, alinyweshwa maji yake. Wazee wawili watatu waliivuta jioni kwenye kiko, wakacheka peke yao, wakaenda kulala. Sheria ya kuikataza ilikuwapo tangu enzi za Mwingereza, lakini sheria hiyo iliishi ofisini Geita, na ng'ombe wetu hawakuwahi kuisikia.

Mambo yaligeuka wachimbaji wa dhahabu walipojaa Nyarugusu. Wazungu walikuwa wameshaufunga mgodi, na vijana wakawa wanashuka wenyewe kwenye mashimo ya zamani kwa kamba na tochi. Waliniambia wenyewe kwamba shimo lina woga wake, na kwamba majani ya mama yanauondoa. Mama alikuwa mjane. Hakuwauzia kwa fedha, kwani fedha miaka ile ungenunulia nini na maduka yenyewe matupu? Walimletea sukari na sabuni. Walizitoa wapi, Mungu anajua. Wachimbaji hawakosi njia.

Na mimi nilikuwa nimeolewa na askari polisi.

Tuliishi kota za polisi Geita, na nyumbani kwangu sukari haikukatika. Wenzangu wakipanga foleni tangu alfajiri na kurudi na kikapu kitupu, mimi nachemsha chai. Mara moja tu mume wangu aliniuliza, "Hii imetoka wapi?" Nikamjibu, "Kwa mama." Akakoroga chai yake, akanywa, hakuuliza tena. Siku moja mke wa koplo alisema mbele yangu, huku kikombe changu kiko mkononi mwake, kwamba walima bangi ni watu wa porini wasio na haya. Nikacheka naye, nikamwongezea sukari. Nilimwonea aibu mama yangu, nasema kweli. Nilitamani awe na bustani ya mchicha kama mama za watu.

Sasa niwaeleze habari ya ukwe, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Mkwe akija, mama mkwe anajitenga, salamu zinapelekwa na mtu wa tatu. Kumwona uso kwa uso ni aibu kwa wote wawili, na chumba anacholala mama mkwe, mkwe haingii hata nyumba ikiungua. Mume wangu na mama walilishika hilo mno. Waliwahi kukutana kwenye njia ya kisimani bila kutarajia. Yeye akaingia kwenye mihogo na baiskeli yake, mama akajitupa kwenye miiba upande wa pili, ndoo ikamwagika yote. Baadaye kila mmoja alinisimulia kwa siri jinsi mwenzake alivyo mtu wa heshima. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Waliheshimiana hivyo miaka yote ile, na walipendana kwa namna hiyo ya kukimbiana.

Ndipo akaja mkuu mpya wa kituo, mtu wa pwani, mwadilifu, mwenye viatu vinavyong'aa hata masika. Amri ilikuwa imetoka mkoani kwamba bangi ing'olewe na wanaoilima wakamatwe. Kijana mmoja akakutwa Nyarugusu ana misokoto mfukoni. Alipobanwa akasema anaichukua kwa sukari kwa mama mmoja mjane, nyuma ya zizi, kwenye mji wenye michongoma miwili mlangoni. Mume wangu alikuwa amesimama hapohapo. Michongoma ile aliipanda yeye, mwaka aliponioa.

Alikuja nyumbani mchana, akaketi mbele ya ugali, asiuguse.

"Tunakwenda kwa mama," akasema.

"Kumsalimia?"

"Kumpekua."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaniambia yaliyobaki huku anatazama viatu vyake. Mwanamke hapekuliwi na mwanamume, na kituo hakikuwa na askari wa kike. Mkuu alikuwa ameuliza mke wa nani anajua Kisukuma vizuri, wenzake wakanitaja mimi.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema, ndiyo afande."

"Kinywa chako ni cha kulia ugali tu, eh? Hukuweza kusema ni mama mkwe wako?"

"Nikisema, ataniuliza nimejua tangu lini. Nitamjibu nini, mke wangu? Sukari si hiyo hapo mezani?"

Ningempata mtu wa baiskeli ningemtuma mbio akamwonye mama, lakini Landrover ilikuwa tayari mlangoni inanguruma, na mkuu ananifungulia mlango kwa adabu kabisa, "Karibu, mama." Nikapanda. Nilikaa kati ya mgambo wawili, na mume wangu mbele yangu hanitazami.

Tulifika jua likiwa kali. Watoto walikuwa wa kwanza kutukimbilia, wanaimba gari, gari. Mama alikuwa kwenye kinu anatwanga. Akainua macho, akaniona nashuka kwenye gari la serikali, na jamani, akapiga vigelegele! Mchi mkononi, anakuja anacheza, anawaita majirani waje waone mwanawe. Kila kigelegele kiliniingia mwilini. Halafu mume wangu akashuka.

Mama alipomwona, aliutupa mchi, akajifunika uso kwa kanga, akakimbia. Akaingia nyumbani, akapita sebuleni, akajitosa chumbani kwake, kama alivyofanya kila mara mkwe wake alipokuja ghafla.

"Anakimbia!" mkuu akapiga kelele. "Mfuate! Anakwenda kuharibu ushahidi! Mkamate!"

Mume wangu alikimbia. Miguu ya askari hutii kabla ya kichwa. Alikimbia mpaka mlangoni, na pale mlangoni akasimama, ameshika miimo kwa mikono miwili, kama anayezuiwa na watu tusiowaona.

"Ingia!"

"Siwezi, afande."

"Huwezi nini? Ana panga?"

"Hana panga, afande. Ni mama mkwe wangu."

Majirani walikuwa wameshajaa uwanjani. Waliokuja na vigelegele midomoni wakavimeza, maana mgambo walikuwa wameanza kung'oa miche nyuma ya zizi. Bibi mmoja, aliyenikanda mgongo nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakunitazama, lakini nani hakujua anamsema nani? Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkuu alimtazama mume wangu, kisha akanigeukia polepole. "Na wewe?"

"Ni mama yangu mzazi."

Akavua kofia, akafuta jasho. Nikaona amekumbuka kitu. "Ile chai," akasema. Wiki iliyopita alikuwa amekunywa vikombe viwili kwangu na kunisifu. "Lahaula! Kituo kizima mmetulisha bangi kwa kijiko." Akavaa kofia yake. "Basi ingia wewe. Mlete, na alicho nacho kilete."

Niliingia. Mama alikuwa amechutama nyuma ya kihenge cha mtama, anahema na kucheka chinichini.

"Mwanangu, si ungetuma salamu! Mkwe wangu amekuja na gari na mimi sina hata maziwa. Mwambie shangazi yako amkamate yule jogoo mwekundu."

"Mama, hawakuja kutembea."

"Wamekuja kufanya nini?"

"Wanatafuta bangi."

"Si hiyo hapo zizini? Na kavu iko humu mtungini. Mwambie mkwe wangu achukue anayotaka, ni yake. Kuku wenu wanaumwa?"

Nikaketi kitandani kwake. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba wamekuja kumkamata, kwamba ni kosa, kwamba kijana wa Nyarugusu amemtaja. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza, kwa utulivu ulioniumiza kuliko angenipiga kofi, "Kahama wanalima tumbaku, serikali inaipima kwenye mizani na kuinunua. Yangu imekosa nini?"

"Ni sheria, mama."

"Nani kaileta mpaka hapa?"

Akachungulia kutoka nyuma ya kihenge, akakiona kivuli cha mume wangu mlangoni, mikono bado iko kwenye miimo. Akakitazama kivuli kile kitambo kirefu. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Ni yeye wa kunifunga?"

"Ametumwa, mama."

"Mwambie ageuke, basi. Nipite."

Nikatoka kumwambia. Mume wangu akageuka, akaegemeza paji la uso wake kwenye ukuta wa udongo. "Askari hampi mhalifu mgongo!" mkuu akafoka, lakini mume wangu hakubanduka ukutani. Mama akapita nyuma yake, kanga imefunika kichwa chote, mtungi ameubeba mwenyewe. Hakuna aliyempekua. Alikataa kupanda nyuma walikokaa mkwe wake na mgambo, akasema atatembea kwa miguu hadi Geita. Nikamtafsiria mkuu. Yule mtu wa pwani, sikatai, alishuka kiti cha mbele, akampisha, akaenda kukaa nyuma na mgambo.

Mahakamani mume wangu aliitwa kutoa ushahidi. Hakimu akamwambia amwonyeshe mshtakiwa. Akanyoosha mkono huku ametazama dari, na kidole kikamwendea karani. Watu wakacheka. Hakimu akamwamuru atazame, akatazama, akaonyesha. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la nyuma na mke wa koplo kando yangu, amekuja kuniliwaza kwa macho makavu. Mama alisimama kizimbani bila kanga kichwani, walikuwa wamemvua. Alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kimegusa kifua. Siijui aibu nyingine inayolingana na ile, na nimezika watu, nimefukuzwa nyumba, nimeombaomba. Haya ya mama yangu ilianikwa mbele ya mkwe wake na karani anaandika.

Walimpeleka gerezani Mwanza kabla ya msimu wa kupanda, akatoka watu wameshavuna. Mume wangu hakufukuzwa kazi, walimhamishia Shinyanga. Mle nyumbani tuliacha kuweka sukari kwenye chai hata ilipopatikana. Hakuna aliyelisema hilo, tuliacha tu.

Tuliposikia mama amerudi, mume wangu alinunua mbuzi jike mnene na doti ya kanga, vya kufuta aibu. Kwetu jambo likiharibika ukweni linatengenezwa hivyo, na mimi niliamini litatengenezeka. Tulishuka basi, tukatembea, yeye anamvuta mbuzi. Tulipokaribia alisimama mbali, kwenye zizi, kama desturi, akingoja niende kwanza ili mama apate nafasi ya kuingia ndani.

Mama alikuwa ameketi kigodani uwanjani. Amekonda, nywele wamezinyoa zote. Nikapiga magoti nikamshika miguu, tukalia kidogo. Kisha nikamwambia, "Mama, nimekuja na mkwe wako. Yuko pale zizini." Nikangoja ainuke.

Hakuinuka. Akasema, "Mwite."

Nilidhani amesahau. Nikarudia kwamba ni mkwe wake. Akasema, "Nimesikia. Mwite." Mume wangu akaja polepole, ameinamisha kichwa, kila hatua anampa nafasi ya kuondoka. Mama alisubiri mpaka akafika mbele yake. Ndipo akasimama wima, mikono ameibana mbavuni, akamtazama usoni, macho kwa macho. Akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo kabla ya gereza hakuwa anaijua:

"Shikamoo, afande."

Mbuzi tulirudi naye Shinyanga.