Kidole Gumba cha Mume Wetu

Wivu nilikuwa nao, sitaki kusema uongo. Miaka ile ya tisini mume wetu, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa na nyumba mbili Garissa: yangu mimi mke mkubwa, na ya mwenzangu kule Galbet. Zamu ilikuwa siku mbili mbili. Kwangu alikuta nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa ikakauka, imehifadhiwa ndani ya samli, na maini ya mbuzi kila asubuhi. Jikoni nani angeniweza? Yule msichana alimpikia maharagwe!

Basi zamu yangu ikafika, mume hakuja. Akatuma neno kwamba mguu unamuuma. Mguu! Juzi si alitoka kwangu akitembea? Nikavaa buibui, nikaenda Galbet mchana kweupe, mdomo umejaa maneno.

Nilimkuta amelala, mguu mmoja ndani ya kreti tupu ya soda, shuka imetandikwa juu ya kreti.

"Heee! Mguu nao umejengewa nyumba?" nikasema.

Mwenzangu akainua shuka. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa. Nikanyoosha mkono, na kabla sijakigusa nilihisi joto lake. Mume akapiga ukelele.

"Hata shuka ikimgusa analia, abaayo," mwenzangu akaniambia, kwa heshima ya dada. "Ni jongo. Baba yangu alikuwa nalo. Huja ghafla, siku chache kidole kinapoa, kisha linarudi. Mimi nimelitambua mara moja."

Mara moja! Hapo ndipo roho iliponiuma. Mimi niliyekaa naye miaka kumi na saba sikujua kitu, na huyu wa juzi anajua.

Daktari wa zahanati akaja, akauliza lilianza lini. Mume akatazama ukuta.

"Mwaka jana. Nyumba ya mkubwa."

Nikakumbuka. Alikaa uani kwangu, mguu ndani ya beseni la maji, akasema kiatu kipya kimembana. Nami nilinuna siku mbili, nikidhani viatu vipya ni vya kumpendezea yule.

Daktari akasema nyama apunguze, na maini aache kabisa.

Tulipobaki wawili, mimi na mume, nikamuuliza, "Ulijua ni maini yangu?"

"Nilishuku. Nikishakula kwako, kidole kinaanza kuwaka."

"Na ukaendelea kula! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema yeye ndiye amenikataza."

Wallahi, ndivyo ningesema.