Uvimbe Juu ya Tako

Kifusi kiliponiangukia ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita, wenzangu walinifukua nikiwa hai. Mgongo ulipona, lakini mguu wa kushoto ulibaki ukiwaka kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Nikarudi nyumbani Ngokolo kwa mama. Miaka miwili nililala kifudifudi.

Madaktari wageni waliokuja Mwanza wakanipasua, wakaniwekea kifaa: nyaya mbili nyembamba kando ya uti wa mgongo na betri bapa chini ya ngozi, juu kidogo ya tako. Kilituma umeme kidogo kwenye mishipa ya fahamu, na badala ya maumivu nikawa nasikia kama siafu wanatembea mguuni. Siku walipokiwasha nililia. Mama akauliza naumwa wapi.

"Siumwi, mama. Ndiyo maana nalia."

Kila baada ya siku chache nilijifunga mkanda wa chaja kiunoni, nikakaa nao saa nzima. Haikuwa tabu. Nilitembea. Nikapata kazi Geita ya kuandika hesabu ya magunia ya mawe kwenye mtambo mmoja wa kuchenjua dhahabu.

Ndipo wakaleta kifaa cha kukagua chuma getini. Kiliponipitia kiunoni kikapiga kelele. Nilimweleza mkuu wa walinzi, mzee niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, kwamba nimewekewa kifaa cha matibabu. Akaniuliza karatasi iko wapi. Kadi ya hospitali ilikuwa chumbani nilikopanga. Akaniamuru nivue shati, akaupapasa uvimbe.

"Umejishonea dhahabu mwilini?"

Walinzi wawili wakanishika mikono, yeye akaubonyeza kwa kidole gumba, akijaribu kuusogeza. Nikasikia kitu kinavutika mgongoni. Tangu hapo siafu wakahamia mbavuni, na mguu ukarudi kuwaka.

Kesho yake nilipeleka kadi. Meneja aliisoma yote, akanipa pole, kisha akasema hawezi kuwa na mtu anayeliza mashine getini kila siku. Yule mzee alikuwa amesimama pembeni. Hakunitazama, nami sikumwamkia.

Mwanza nilimkuta daktari mwenyeji. Alitazama picha, akasema nyaya zimehama. Waliozipandikiza walisharudi kwao pamoja na mashine ya kuzirekebishia, na barua alizowaandikia hazijajibiwa. Nikauliza kama anaweza kukitoa kifaa chote. Akasema anaweza, ila mguu utabaki hivyo hivyo, na upasuaji mwingine pale mgongoni una hatari zake. Nikauliza wale madaktari watakuja lini tena. Akasema hajui. Nilishukuru kwamba hakunidanganya.

Nimekizima. Kukiwasha ni kutikiswa mbavu bure. Nalala kifudifudi tena, na mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye ule uvimbe na kuukuta umetulia tu, kama kokoto.

Habari ya getini ilifika Ngokolo kabla yangu. Watu hawakuisikia ile ya kadi. Walisikia ya dhahabu. Jirani mmoja alimuuliza mama, kwa sauti ya utani, ni gramu ngapi. Mwingine, nisiyemjua, alikuja kunijulia hali na muda wote macho yake hayakutoka kiunoni mwangu.

Siku hizi mama akienda sokoni ananifungia kwa kufuli kwa nje, asije akaingia mtu. Mara ya kwanza nilimkataza, nikamwambia nyumba ikishika moto sitatoka. Akasimama mlangoni na kufuli mkononi, akafikiri sana, kisha akafunga.