Bibi Zawadi ni nani kwenye statement yangu? Kumbe nilimlipa nikiwa na homa

Wakuu, kwema humu?

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu wa asali, sio mtu wa ndoto. Ila haya yamenitokea mwenyewe hapa Itigi na mke wangu ni shahidi. Anayetaka kucheka acheke, lakini asome mpaka chini.

Kazi yangu ni kununua asali kwa wafugaji nyuki, kuchuja, kufungasha na kutuma kwa wateja Dar na Dodoma. Kadi ya benki nilichukua kwa ajili ya kuagiza chupa online, basi.

Mwisho wa kiangazi malaria ikanilaza. Sio ile ya kutembea nayo mtaani. Ni ile ya kulala chali mchana, jua linapiga bati, bati linalia, na wewe unatetemeka chini ya blanketi.

Siku zile kwangu zilikuwa kama mchana mmoja mrefu. Nasikia honi ya treni, nafumba macho, nikifumbua treni bado inapita. Sijui ilikuwa moja au nyingi.

Na mama akawa anakuja.

Mama yangu ni marehemu, tulimzika kwetu Kinyangiri. Kwenye ndoto alikuwa amesimama chini ya upenu, mvua inanyesha, ameshika sufuria. Maji yanateremka kwenye mabati, yanapita pembeni ya sufuria, yanazama ardhini.

"Maji yanamwagika, mwanangu."

Hakuwa na hasira. Alisema kama alivyokuwa akisema ugali umeiva.

Hapa niwape background kidogo. Baada ya msiba, kaka yangu mkubwa, Elia, aliezua mabati ya nyumba ya mama akaezekea ya kwake. Hakuniuliza. Alidai nyumba inaanguka na mabati yataibiwa. Mimi niliona kamvua mama nguo. Tukarushiana maneno mazito mbele ya wazee, nikapanda gari nikarudi Itigi.

Tangu siku hiyo hakuna simu, hakuna salamu. Hata Krismasi kimya. Iliniuma, wakuu, na sikumwambia mtu.

Tuendelee.

Nikapona. Nikafungua statement nione nina hela gani ya mzigo wa asali. Nikakuta hela ya maana imekwenda kwa BIBI ZAWADI TRADERS.

Bibi Zawadi? Simjui! Nikamwonyesha mke wangu, nikajuta hapo hapo.

"Bibi Zawadi ndiyo nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi ndiye ninayetunza kadi yako?"

Wenye ndoa mnaelewa jioni ile ilivyokuwa.

Nikapiga benki. Binti wa customer care akafunga kadi, akapokea malalamiko, akasema watamuuliza mfanyabiashara. Nikalala nikiwa na uhakika nimeibiwa.

Baada ya siku chache akanipigia mama mmoja wa Singida mjini, ana duka la ndoo na matenki karibu na stendi. Ndoo zangu za asali nachukua kwake miaka yote, ila huwa namlipa kwa simu, sio kwa kadi.

"Kaka wa asali, mbona unatushtaki benki? Si uliagiza mwenyewe?"

"Niliagiza nini?"

"Tenki! Na link nikakutumia ukalipia. Panda juu kwenye chat zetu usikilize."

Kumbe Bibi Zawadi ni bibi yake. Duka lina jina jingine mlangoni, kampuni ilisajiliwa kwa jina la bibi.

Nikapanda juu kwenye chat. Kulikuwa na voice note. Nikabonyeza.

Wakuu, ilikuwa sauti yangu. Nzito, ya polepole, nachanganya Kiswahili na Kinyiramba, nyuma yake honi ya treni. "Tenki kubwa. Lipelekeni Kinyangiri kwa kaka yangu Elia. Mwambieni maji ya mama yanamwagika."

Sikumbuki hata neno moja. Mke wangu anasema alinisikia naongea na simu, akajua ni wateja. Nilikaa kwenye ndoo pale stoo, nikairudia ile sauti mpaka chaji ikaanza kuisha.

Yule mama hakuwa mbaya. Akaniandikia kwamba kama ilikuwa ni homa, gari lao litapita tena upande wa Mkalama, wilaya ya kwetu Kinyangiri, siku ya mnada, wanaweza kulichukua tenki na hela yangu irudi. Nilichotakiwa ni kumjibu tu.

Na hela ile niliihitaji kwelikweli. Bila hiyo sinunui asali msimu huu, na wateja hawasubiri. Nikaandika "Lichukueni." Kidole kilikuwa juu ya kutuma, simu ikaita.

Elia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Dereva aliyeleta tenki alinipa ujumbe wako. Nilishindwa kukupigia, nilikuwa najikaza. Nimeshafunga mfereji kwenye mabati ya mama. Sikiliza."

Akasogeza simu. Kinyangiri mvua ilikuwa imeanza. Nikasikia maji yanaingia kwenye tenki tupu, kwanza yanavuma, halafu yanatulia kadiri yanavyopanda. Huku Itigi hata wingu hakuna.

Nililia, sioni haya kusema.

Ule ujumbe nikaufuta. Benki nikawaambia malalamiko yangu yafungwe, Bibi Zawadi namfahamu. Msimu huu nimenunua asali kidogo sana, na nimepoteza mteja mmoja wa Dodoma.

Nilichojifunza: ukikuta jina geni kwenye statement, tulia kabla ya kupiga kelele za wizi. Jina la mlangoni na lililosajiliwa mara nyingi ni vitu viwili. Na ukiwa na homa, mpe mkeo simu.

Sasa nawaachia ninyi, wakuu. Kaka anaamini nilikaa, nikafikiri, nikamsamehe. Hajui habari ya homa. Mke wangu anasema nimwambie ukweli.

Mimi nasita. Kila nikisikiliza ile voice note, naona mwenye homa ndiye aliyekuwa na akili.